Nani Anamfundisha Mwalimu wa Darasa la Kwanza?

Mtoto wa Darasa la Kwanza anaweza kuimba "ba be bi bo bu" kutoka kwenye chati ya ukutani, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Mwalimu akiweka kidole kwenye "bo" peke yake, mtoto anakwama. Anarudi kwenye "ba" na kuimba kimoyomoyo mpaka aifikie. Huyu hajajua kusoma, amekariri wimbo. Mwalimu asiyeitambua hali hiyo atampa vema na kumvusha kwenda Darasa la Pili. Anayeitambua ataifunika chati, atazichanganya silabi, atamwambia mtoto aiunde "bo" kwa kadi mbili, ya b na ya o, kisha aseme inakuwaje o ikiondolewa na i ikawekwa mahali pake. Walimu hawa wawili wanaweza kuwa na bidii sawa na kuwapenda watoto sawasawa. Kinachowatenganisha ni ujuzi wa kazi ambao mmoja aliupata na mwingine hakupewa. Nani alipaswa kumpa, wakati gani na kwa njia ipi? Tanzania na Kenya, pamoja na wafadhili wao, zimetumia fedha nyingi kulijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka kumi, na yaliyopatikana yanatosha kutuonyesha wapi tumepatia na wapi bado tunajidanganya.

Urahisi wa Kiswahili umetuponza kidogo. Irabu ni tano, herufi hubaki na sauti yake karibu popote ilipo, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Mtoto aliyefundishwa vizuri anaweza kuanza kusoma maneno mafupi ndani ya miezi michache. Ndiyo maana imejengeka dhana kwamba kila anayejua kusoma anaweza kufundisha kusoma, na kwamba Darasa la Kwanza ni la kupumzikia. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa hilo anakutana na mambo mengine kabisa. M ya "mtu" ni silabi kamili, ya "mbuzi" imeshikana na b, na ya "mbwa" inajitegemea tena. "Ngoma" na "ng'ombe" zinafanana kwa macho ya mtoto, lakini sauti zake za mwanzo ni mbili tofauti. Mtoto ambaye lugha ya kwao haitenganishi l na r ataandika anavyosikia, na mstari mwekundu chini ya neno haumfundishi kusikia. Neno moja tu kama "hawakutuandikia" lina silabi nane, na msomaji mchanga lazima azishike zote kichwani mpaka mwisho ndipo ajue nani hakumwandikia nani. Tena wapo watoto wanaofika shuleni wakiwa na Kisukuma, Kigogo au Kimasai pekee. Hao wanaweza kutamka neno zima kwa usahihi, silabi baada ya silabi, na neno lenyewe lisiwaambie chochote. Kwa kila tatizo kati ya haya ipo njia inayojulikana ya kulishughulikia. Njia hizo hufundishika, na mwalimu hazaliwi nazo.

Mwaka 2013, katika upimaji wa stadi za kusoma uliofanywa kwa sampuli ya kitaifa ya Darasa la Pili Tanzania, takriban asilimia 8 tu ya watoto walionekana kusoma kwa ufahamu uliotarajiwa. Takwimu hiyo ilishtua. Mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa tayari ulikuwa umeitaja KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kuwa jambo la haraka. Mwaka 2014 ukaanza mpango wa LANES kwa fedha za Ushirikiano wa Kimataifa wa Elimu, na mwaka 2015 Darasa la Kwanza na la Pili yakapata mtaala mpya ulioitanguliza KKK mbele ya masomo mengine. Uingereza ilifadhili EQUIP-Tanzania katika mikoa kama Dodoma, Tabora, Simiyu na Kigoma. Marekani ilifadhili Tusome Pamoja katika mikoa ya Iringa, Morogoro, Mtwara na Ruvuma, na Zanzibar pia. Kenya ilianza Tusome mwaka huo huo wa 2015, ikaipeleka katika shule zote za msingi za umma, zaidi ya elfu ishirini. Kila mmoja wa mipango hii uliweka mafunzo ya walimu waliomo kazini katikati ya shughuli zake. Haukuwa na njia nyingine, kwa sababu watoto waliokuwa hawajui kusoma walikuwa tayari wana walimu, na walimu hao walikuwa na vyeti.

Vyeti hivyo vilitoka wapi? Chuo cha ualimu humwandaa mwanafunzi kufundisha shule ya msingi nzima, na katika ratiba ya namna hiyo jinsi ya kumwanzisha mtoto kusoma hupata sehemu ndogo. Wakufunzi wengi wa vyuo hivyo wenyewe waliandaliwa kufundisha sekondari, na wachache tu wamewahi kukaa mwaka mzima na watoto wa miaka sita. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Sussex katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, ulikuta walimu wapya wakitoka chuoni na imani kubwa kwamba wanajua kufundisha kusoma, huku uelewa wao wa namna mtoto anavyojifunza na anavyokwama ukiwa finyu. Imani hiyo ni hatari kuliko kutojua. Anayejua kwamba hajui huuliza.

Historia yetu ina funzo ambalo tumelisahau. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania ilihitaji walimu kwa makumi ya maelfu ili kila mtoto aingie shule, na ikawachukua vijana waliomaliza Darasa la Saba. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, na jina hilo limebebeshwa dharau kwa miaka mingi. Elimu yao ilikuwa ndogo, hilo halina ubishi. Lakini tazama walivyofunzwa: walifundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu nyingine, kwa vitabu vya elimu kwa njia ya posta na vipindi vya redio, chini ya uangalizi wa watu waliokuwa karibu nao. Walijifunza kazi wakiwa ndani ya kazi. Tulipopata fedha zaidi na walimu wenye elimu kubwa zaidi, tuliuacha ukaribu huo, tukaenda kwenye semina.

Semina ya kawaida inajulikana. Wataalamu wa taifa wanawafunza wawezeshaji wa mikoa, wa mikoa wanawafunza wa wilaya, wa wilaya wanawafunza walimu, wakati mwingine mwalimu mmoja au wawili kutoka kila shule, ambao nao hutarajiwa kurudi na kuwafunza wenzao. Ujuzi unaopita hivyo ni kama maji yanayopokezanwa kwa viganja: kila mkono hupokea kwa nia njema, na wa mwisho hupata unyevu. Siku kumi za juu huwa tano katikati na mbili chini. Zoezi la kuwasikiliza watoto wakisoma, ambalo ndilo roho ya mafunzo, ndilo la kwanza kuachwa, kwa sababu ukumbi wa semina hauna watoto. Mwalimu hurudi shuleni na maneno mapya, anasema "ufahamu wa sauti" na "ufasaha", lakini mikono yake darasani inafanya kile kile ilichofanya mwezi uliopita.

Kuna pia suala la posho, ambalo watu hulisemea pembeni tu. Mwalimu aliyetoka kijijini kwenda makao makuu ya wilaya anahitaji kula na kulala, na kumlipa ni haki yake. Tatizo liko katika kile posho inachokifanya kwenye uteuzi. Semina inapokuwa nafasi ya kipato, mwalimu mkuu hulazimika kuigawa kwa zamu ili asionekane anapendelea, na zamu haimwangalii anayefundisha Darasa la Kwanza. Aliyefunzwa kusoma na kuandika anarudi kufundisha Sayansi Darasa la Sita, na aliyebaki na watoto wadogo anaendelea kuimba silabi.

Sasa tuangalie ushahidi, maana jambo hili limepimwa vizuri kuliko mambo mengi ya elimu Afrika. Kenya, kabla ya Tusome, iliendesha majaribio yaliyoitwa PRIMR kati ya 2011 na 2014. Baadhi ya shule zilipata mafunzo ya walimu na ziara za kuwasaidia darasani. Nyingine zilipata hayo pamoja na kitabu kwa kila mtoto. Kundi la tatu lilipata yote hayo na juu yake kiongozi cha mwalimu kinachopanga somo la kila siku hatua kwa hatua. Kundi la tatu ndilo lililofanya vizuri zaidi, na kwa kila shilingi iliyotumika ndilo lililotoa faida kubwa zaidi. Mafunzo bila kitabu mkononi mwa mtoto na bila mwongozo mezani kwa mwalimu yalileta kidogo. Hii ndiyo sababu Tusome ilipoenea nchi nzima ilibeba vyote pamoja.

Afrika Kusini walilinganisha namna mbili za kuwafunza walimu, na ulinganisho wao ndio ninaourudia kila ninapozungumza na maofisa elimu. Katika mkoa wa North West, walimu wanaofundisha kusoma Kitswana waligawanywa katika makundi. Kundi moja liliitwa kwenye mafunzo ya pamoja kwa siku chache kila mwaka. Jingine lilitembelewa darasani na mlezi wa walimu aliyekaa, akatazama, akaonyesha na kurudi tena. Vitabu na maandalio ya masomo yalikuwa yale yale. Baada ya miaka miwili, watoto ambao walimu wao walitembelewa walikuwa wamenufaika mara mbili ya wale ambao walimu wao walikwenda kwenye mafunzo. Watafiti walipoingia madarasani waliona kilichobadilika: walimu waliotembelewa walikuwa wepesi zaidi kuligawa darasa katika makundi madogo ya kusoma, ili mtoto mmoja mmoja apate nafasi ya kusoma mwenyewe na mwalimu amsikilize. Kila mwalimu hufundishwa chuoni kwamba makundi ni mazuri. Kuyaendesha, huku wengine hamsini wakiwa na kazi ya kufanya kimya, ni jambo la kuonyeshwa na mtu aliyesimama karibu yako.

Mfano wa Uganda unauma zaidi. Katika eneo la Lango, kaskazini, mradi wa kufundisha kusoma na kuandika kwa lugha ya mama uliendeshwa kwa namna mbili. Namna kamili ilikuwa na wakufunzi wa mradi wenyewe, ziara nyingi na vifaa vyote. Namna ya bei nafuu ilipunguza vifaa na ziara, na mafunzo yakapitishwa kwa watumishi wa serikali waliofunzwa kwanza ili nao wawafunze walimu. Namna kamili iliwapandisha watoto sana, katika kusoma na katika kuandika. Namna ya bei nafuu haikuonyesha faida ya uhakika katika kusoma, na katika sehemu ngumu za kuandika watoto walirudi nyuma kuliko wenzao ambao mradi haukuwagusa kabisa. Wahasibu wa elimu walitafakari tokeo hilo kwa makini? Sidhani. Hadi leo, bajeti ikibana, kitu cha kwanza kukatwa ni ziara, kwa hoja kwamba mafunzo yenyewe yamebaki. Lango inatuambia kwamba mpango uliokatwa nusu unaweza kukosa hata nusu ya faida, na pengine ukaacha madhara.

Kwa hiyo swali kubwa ni nani atafanya ziara hizo. Kenya ilikuwa na maofisa wa kusaidia mitaala, waliojulikana zamani kama walezi wa vituo vya walimu. Tusome haikuajiri kikosi kipya, iliwachukua hao hao waliokuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Iliwapa vishikwambi vyenye fomu ya kuangalia somo, iliwafundisha kumsikiliza mtoto akisoma na kurekodi, na ikawarudishia nauli kulingana na ziara zilizothibitishwa. Takwimu zao zilionekana kwenye kaunti na Nairobi. Jambo hilo dogo la nauli, ambalo mtu wa mjini angelipuuza, ndilo lililowatoa ofisini.

Tanzania ina Afisa Elimu Kata, aliyekuwa akiitwa Mratibu Elimu Kata. Mwaka 2018 maofisa hao walipewa pikipiki zaidi ya elfu mbili na mia nane zilizonunuliwa kupitia LANES, na hiyo ilikuwa hatua ya maana kweli, kwa kuwa kata za Manyara au Katavi haziendeki kwa miguu. Lakini pikipiki haikumwondolea afisa huyu mzigo wake mwingine. Yeye ndiye anayekusanya takwimu, anayefuatilia utoro, anayesimamia mitihani, anayehudhuria vikao vya maendeleo ya kata, anayepeleka barua na kupokea wageni. Anapofika shuleni mara nyingi huwa na fomu ya kujaza, na mwalimu anapomwona mlangoni huandaa andalio la somo na azimio la kazi. Mazoea ya ukaguzi yameingia mifupani. Mwalimu anayeogopa kukaguliwa hataonyesha somo linalomshinda, ataonyesha analolimudu, na mlezi atarudi bila kujua pa kusaidia. Napendekeza mambo haya mawili yatenganishwe waziwazi: Wathibiti Ubora wa Shule wabaki na kazi ya kupima, na Afisa Elimu Kata apewe siku maalumu katika juma ambazo ni za darasani tu, ambazo mkurugenzi wa halmashauri hawezi kuzichukua. Na achaguliwe kati ya watu waliowahi kufundisha madarasa ya mwanzo. Haiwezekani mtu amlee mwalimu katika kazi ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuifanya.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye kuandika, kwa sababu ndiyo K inayosahaulika. Ukiangalia vipimo vingi vinavyotajwa na miradi, utakuta idadi ya sauti, idadi ya silabi, idadi ya maneno kwa dakika. Kusoma kunahesabika kwa saa ya mkononi. Kuandika kunahitaji mtu akae na daftari la mtoto, na miradi mingi haiipendi gharama hiyo. Matokeo yake mafunzo ya walimu hutumia muda mwingi kwenye kusoma na muda mfupi kwenye kuandika, na muda huo mfupi huishia kwenye mwandiko: jinsi ya kushika penseli, umbo la herufi, kukaa kwenye mstari. Hayo ni muhimu, siyadharau. Lakini kuandika hakuishii hapo. Katika madarasa mengi kipindi cha kuandika ni kunakili kutoka ubaoni, na mtoto anaweza kunakili mwaka mzima bila kusoma neno hata moja analolichora.

Zipo njia nyepesi ambazo mwalimu akifunzwa zinabadilisha daftari ndani ya muhula mmoja. Imla fupi ya maneno matano kila siku, yenye sauti zilizofundishwa juma hilo tu, humwonyesha mwalimu nani anasikia na nani anakisia. Makosa ya tahajia yakisomwa kwa utulivu huwa ramani. Mtoto anayeandika "nyuba" kwa "nyumba" hajapotea, amesikia karibu kila kitu isipokuwa sauti ya m iliyofichwa na b, na mwalimu anayelijua hilo anajua afundishe nini kesho. Kisha sentensi ya mtoto mwenyewe, hata iwe moja: alichokula, aliyemwona njiani, mbuzi aliyepotea. Mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kusahihisha sentensi themanini kila siku, lakini anaweza kusoma kumi leo na kumi kesho, na kuwafundisha watoto kusomeana wawili wawili. Haya yote hayahitaji vifaa vya ng'ambo. Yanahitaji mtu amwonyeshe mwalimu mara kadhaa, na ayakute kwenye kiongozi chake yakiwa yamepangwa. Upimaji wetu wa kitaifa ukianza kutazama daftari za watoto, mafunzo yatafuata, maana miradi hufundisha kile inachopimwa nacho.

Nimetaja kiongozi cha mwalimu mara kadhaa, na najua wapo wanaokipinga. Wanasema somo lililoandikwa hatua kwa hatua humgeuza mwalimu kuwa msomaji wa karatasi za mtu mwingine na kumvunjia heshima ya taaluma. Hoja hiyo ina uzito pale kiongozi kinapokuwa sheria, pale mthibiti anapomkemea mwalimu kwa kurudia sauti ya Jumatatu siku ya Jumatano kwa sababu watoto hawajaishika. Lakini kwa mwalimu ambaye hajawahi kuona somo zuri la kusoma likifundishwa, kiongozi humpa somo la kwanza la namna hiyo katika maisha yake, na mkono wake wenyewe ndio unaolifundisha. Baada ya mwaka mmoja au miwili, anayelelewa vizuri huanza kukiacha mahali fulani na kurekebisha. Uhuru wa taaluma huja na umahiri. Kumwacha mtu peke yake na darasa la watoto tisini kisha kuita hali hiyo uhuru ni kumtelekeza.

Tanzania sasa imeweka matumaini yake kwenye MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kuungwa mkono na mradi wa BOOST wa Benki ya Dunia. Wazo lake kuu ni jumuiya za kujifunza: walimu wa shule moja wanakutana mara kwa mara, wanachagua tatizo la darasani, wanajadili, wanajaribu, wanarudi kueleza. Ninaliunga mkono wazo hili kwa moyo wote. Linaondoa safari, linapunguza vita vya posho, na linamweka mwalimu wa Darasa la Kwanza katika kikao cha watu wanaowajua watoto wake. Shule za EQUIP-Tanzania zilifuata njia inayofanana na hii, walimu wakijifunza shuleni na katika kata. Lakini jumuiya isiyo na mtu anayejua zaidi inaweza kugeuka kikao cha kubadilishana mazoea, na mazoea mabaya yakipata kura nyingi huwa sheria ya shule. Walimu sita wanaoimba silabi hawatagundua wenyewe kwamba kuimba si kusoma. Kila jumuiya inahitaji, angalau mara moja kwa mwezi, mgeni mwenye jicho la kuona hilo.

Je, mgeni huyo anaweza kuwa kishikwambi? Swali si la kubeza, maana vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, na moduli za mafunzo zimewekwa mtandaoni. Afrika Kusini walijaribu pia jambo hili, katika mkoa wa Mpumalanga, kwenye kufundisha Kiingereza. Walimu wengine walilelewa na mtu anayefika darasani, wengine na mlezi wa mbali kwa simu na kishikwambi. Baada ya miaka mitatu, watoto wa walimu waliotembelewa walikuwa wamepanda katika kuzungumza na kusoma. Wa malezi ya mbali walipanda kidogo katika kuzungumza, hawakupanda katika kusoma, na lugha yao ya nyumbani ikarudi nyuma, kwa kuwa muda wake ulimegwa. Vifaa vilifanya kazi vizuri. Kilichokosekana ni mtu: uwepo wake, matarajio yake, na aibu njema ya kutotaka kumwangusha. Video ya somo zuri inafaa kutazamwa jumuiyani kabla ya kulijaribu. Haifai kuchukua nafasi ya aliyekaa nyuma ya darasa.

Upande wa pili wa mpaka wa Namanga kuna funzo la namna nyingine. Septemba 2021, Tume ya Huduma ya Walimu ya Kenya, TSC, ilizindua mpango wa maendeleo ya kitaaluma ambapo mwalimu angepitia moduli kwa miaka mingi na kulipa shilingi 6,000 za Kenya kila mwaka kutoka mfukoni mwake. Walimu na vyama vyao walipinga vikali, na nadhani walikuwa na haki. Ukimtoza mtu ada ili aruhusiwe kuendelea na kazi aliyoisomea, unamfundisha kuyaona mafunzo kuwa kodi. Atakuja kwa ajili ya cheti na kuondoka nacho.

Kisha kuna mambo ambayo mafunzo hayawezi kuyatibu, na ni uungwana kuyataja. Tangu elimu bila ada ianze kutekelezwa Tanzania mwaka 2016, Darasa la Kwanza limejaa, na shule zenye watoto zaidi ya mia kwa mwalimu mmoja si hadithi. Hakuna mbinu ya makundi inayostahimili idadi hiyo bila msaidizi au zamu mbili. Lakini hata ndani ya uhaba, mgawanyo uko mikononi mwetu. Shule nyingi huwapanga walimu wake wakianzia juu, kwa kuwa Darasa la Saba na la Nne yana mitihani ya kitaifa na jina la shule liko pale. Wadogo hupewa atakayebaki, mara nyingi mwalimu mgeni, au aliye karibu na kustaafu, au aliyeko likizo nusu ya mwaka. Mwalimu mkuu hufanya hivyo kwa sababu anapimwa kwa Darasa la Saba. Angepimwa pia kwa idadi ya watoto wanaosoma wakimaliza Darasa la Pili, mpangilio ungegeuka kufikia Januari inayofuata.

Fedha nazo zimehama. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miezi iliyofuata miradi ya kusoma ya shirika lake la misaada, USAID, ikafungwa katika nchi nyingi, yetu ikiwemo. Magari yaliegeshwa, wataalamu wakapoteza ajira, na katika sehemu nyingine vitabu vilibaki bila mtu wa kuvifuatilia. Yaliyobaki ni yale yaliyokuwa tayari ndani ya serikali: maofisa wa kata na mishahara yao, kiongozi cha mwalimu kilichochapishwa na Taasisi ya Elimu, mtaala ulioboreshwa unaotumika tangu Januari 2024, na walimu waliofunzwa. Hesabu ya kuwatunza hao si kubwa kama inavyodhaniwa. Mafuta ya pikipiki ya Afisa Elimu Kata, yakitengwa katika bajeti ya halmashauri kwa jina lake na kulipwa kwa ziara iliyofanyika, ni sehemu ndogo sana ya gharama ya semina moja ya mkoa.

Hata hivyo halmashauri ikinunua mafuta hayo na kuendelea kuhamisha walimu kama inavyofanya sasa, itayachoma bure. Mwalimu hulelewa miaka miwili mpaka ajue kulisoma daftari la mtoto, kisha barua ya uhamisho inampeleka shule nyingine kufundisha Maarifa ya Jamii, na ofisi inaandika katika taarifa kwamba wilaya ina mwalimu mmoja zaidi aliyefunzwa KKK. Ofisi ya Rais, TAMISEMI, inaweza kutoa waraka wa ukurasa mmoja: mwalimu aliyefunzwa kwa madarasa ya mwanzo abaki katika Darasa la Kwanza au la Pili kwa miaka isiyopungua mitatu, na akihama ahamie darasa hilo hilo. Waraka huo hauhitaji mfadhili.